Mistari Minane ya Adventina

Kila Jumatatu asubuhi tulisimama mstarini tukiwa tumenyoosha mikono mbele, na Mwalimu Rugaibula akapita akikagua. Alianza na kucha, akaja kwenye meno, akageuza kola za mashati, mwisho akainamisha vichwa vyetu kimoja kimoja kutazama nywele. Mimi Ephrasia sikuogopa hesabu wala imla. Niliogopa Jumatatu. Nilikuwa nimeamka na kiza, nimeteka maji, nimefagia uwanja, nimenawa mpaka masikio yanawaka, lakini Mwalimu yule aliweza kuona uchafu ambao hata mama yangu mzazi hakuuona.

Ilikuwa mwaka 1974, hapa Kimwani. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa bado kichanga, na sisi wa darasa la tano tulilima shamba la shule siku tatu kwa wiki, jua likitupiga utosini na vumbi likitujaa kichwani. Ndiyo maana wasichana wengi tulinyoa. Aliyetaka kufuga nywele aliruhusiwa kusuka mistari ya kawaida, mradi kichwa kiwe safi.

Adventina alikuwa na nywele nzuri, asikudanganye mtu. Tulikuwa majirani, vibanja vyetu, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, vilitenganishwa na safu moja tu ya mibuni. Jumamosi moja mwezi wa pili nilimkuta amekaa katikati ya miguu ya mama yake, anasukwa mistari minane kwenda nyuma, ule mtindo uitwao twende kilioni. Mama Adventina alikuwa akitutania huku vidole vinakwenda mbio. Mstari wa mwisho ulimpindia kidogo karibu na sikio, akacheka, akasema ataurekebisha wiki ijayo.

Wiki ijayo hakuifikia. Jumanne Mama Adventina alishikwa na homa kali. Alhamisi wanaume walimbeba kwa machela kumpeleka hospitali, na akafia njiani, kabla hawajafika barabara kubwa. Jamani, mpaka leo nakumbuka vile walivyogeuka na machela ile.

Tulimzika. Watu walilala msibani juu ya majani yaliyotandazwa nyumba nzima, na siku ya kumaliza matanga ukatolewa wembe. Kwa desturi ya ukoo wao, watu wa nyumba ya marehemu hunyolewa siku hiyo, wakubwa kwa watoto, kisha huoga na kurudi kwenye kazi zao. Walinyolewa wote, baba yake Adventina, bibi yake Kokuhirwa, hata mdogo wake Clavery ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili. Zamu ya Adventina ilipofika, hakuonekana. Alikuwa amekimbilia migombani, amejikunja kwenye shina, mikono miwili kichwani.

Shangazi zake walimfuata na kumvuta. Alipiga kelele kama anayechinjwa.

"Mwacheni," Bibi Kokuhirwa alisema. "Mwacheni mjukuu wangu. Amefiwa, tena mnamnyang'anya na nywele hizi?"

Wakamwacha. Bibi alifanya kwa huruma, wala simlaumu. Lakini wenzake Adventina walinyolewa wakaoga, msiba ukapata mwisho wake. Wa kwake ulibaki pale pale kichwani.

Baba yake alikuwa kuli bandarini Bukoba. Alikaa wiki mbili, akarudi kazini. Nyumbani wakabaki watatu: Bibi, Adventina na Clavery. Adventina alifunga kitambaa cheusi kichwani na hakukifungua tena mbele ya mtu. Nilipomwambia Jumamosi twende kijitoni tukaoshe nywele, alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Hizi hazioshwi, Ephrasia. Mama ndiye aliyezisuka. Nikizitia maji zitafumuka, nami nitabaki na nini?"

Mvua iliponyesha alikata jani la mgomba akajifunika, akatembea polepole asilowe. Wengine walimcheka. Mimi nilimlilia.

Jumatatu ya kwanza Mwalimu alikiona kile kitambaa, akapita kimya kwa heshima ya msiba. Jumatatu ya pili akapita. Ya nne ilipofika, alisimama.

"Adventina, pole sana binti yangu. Lakini hiki kitambaa kitafunguliwa lini?"

"Bado, Mwalimu. Desturi yetu hairuhusu."

Mwalimu alikuwa mtu wa Kiziba, mbali kaskazini. Alijua kwamba desturi za Kiziba si lazima ziwe zetu, na hakutaka kuvunja mila za watu. Akanigeukia mimi. "Ephrasia, wewe ni jirani yao. Ni kweli?"

Adventina alinitazama, na macho yale yalikuwa yamejaa maji. Nikafungua mdomo wangu huu.

"Ni kweli, Mwalimu. Kwao mtoto aliyefiwa na mama hagusi nywele mpaka mvua za masika ziishe."

Uongo mtupu! Nilijisikia rafiki mwema, tena jasiri. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Masika yale yalikuwa marefu. Kwanza Adventina aliwashwa. Alichomoa kijiti cha ufagio akakipitisha chini ya kitambaa akijikuna darasani, chwa chwa chwa, mpaka Mwalimu akageuka kutoka ubaoni. Bibi Kokuhirwa alimpaka samli kupoza muwasho, na samli ikashika vumbi la shamba na jasho, vikagandana. Harufu ikaanza. Utani darasani haukukawia, wavulana wakaanza kuziba pua, na msichana aliyekaa naye dawati moja akahama. Nikahamia mimi pale. Nilipumulia mdomoni, lakini nilihamia.

Chawa niliwaona kwa macho yangu, wakitambaa kwenye kola yake. Nilimtoa mmoja kimya kimya.

"Adventina, tumwambie Nesi Mastura."

"Ukimwambia, urafiki wetu umekwisha."

Nikanyamaza tena. Kunyamaza nako nilidhani ni wema.

Kila alipotoka shule, Adventina alimbeba Clavery mgongoni. Mtoto alikuwa amezoea kulala na shavu kwenye kisogo cha dada yake, maana mama hakuwapo tena wa kumlalia. Baada ya muda alianza kulia hovyo, akijisugua kichwa kwenye nguo ya dada yake. Bibi alisema ni meno yanaota.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, wiki ya tisa. Tulikuwa tunapalilia mihogo. Tangu asubuhi Adventina alikuwa hawezi kugeuza shingo, anageuka mwili mzima, na nyuma ya masikio yalimtokea matezi makubwa kama bamia zilizokomaa. Alinyanyua jembe, akalishusha, akakaa chini. Kisha akalala ubavu kwenye tuta. Nilipomgusa alikuwa moto.

Mwalimu Rugaibula alikuja mbio akafungua kitambaa. Kilikuwa kimeshikana na kichwa kwa usaha. Watoto walirudi nyuma wote.

"Mawe!" mmoja alipiga kelele, akimwita mama kwa kilugha chetu.

Mwalimu hakurudi nyuma. Alimnyanyua, akampakia kwenye baiskeli yake. Nami pale pale nikapasuka kulia.

"Mwalimu, nilikudanganya! Hakuna desturi ile. Walinyoa wote siku ya matanga, yeye alikimbia. Mimi nilijua."

Alinitazama, na sikuona hasira. Afadhali ningeona. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Shika usukani wa baiskeli upande huo. Twende."

Nesi Mastura wa zahanati yetu alikuwa mwenyeji wa Miembeni, Bukoba mjini, mwanamke mwembamba anayesema taratibu hata mtu anapokufa. Alimlaza Adventina kitandani, akamchoma sindano, akapima homa. Halafu akachukua mkasi.

Adventina alifumbua macho. Sikuwahi kuona mtu mgonjwa akipata nguvu namna ile. Aliushika mkono wa Nesi kwa mikono yake miwili.

"Usikate! Nakuomba, Nesi, usikate. Nipake dawa juu yake. Hizi ni za mama yangu."

"Dawa haitafika, mwanangu. Vidonda viko chini, vimefunikwa."

"Basi afadhali nife nazo!"

Nesi Mastura aliweka mkasi chini. Hakumkemea. Alikaa kando ya kitanda, mvua ikipiga bati. Ndipo Bibi Kokuhirwa akaingia, amelowa, Clavery mgongoni. Mwalimu alikuwa ametuma mtu kumwita.

Nesi alimpokea mtoto, akamvua kofia ya sufu. Nywele za Clavery zilikuwa fupi, zimeota upya tangu matanga, kwa hiyo kila kitu kilionekana. Kuanzia utosini hadi sikioni, upande ule anaoulalia, kulikuwa na vidonda vya majimaji. Alipoguswa alilia bila sauti, maana alikuwa amechoka kulia.

"Huyu anapata wapi haya?" Bibi aliuliza. "Si meno?"

"Anayapata anapolala, Bibi," Nesi alijibu kwa upole.

Adventina alimtazama mdogo wake kwa muda mrefu. Kisha akageuza uso ukutani.

"Kata," alisema. "Lakini nihesabie."

Nesi Mastura akakata, na kila msokoto ulipotoka alihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Maji ya vuguvugu ilibidi yamwagwe kwanza ili nywele ziachane na ngozi. Tatu. Nne. Bibi alikuwa ameshika miguu ya mjukuu wake. Tano. Sita. Saba. Wa nane ni ule uliopinda karibu na sikio, na Nesi aliutoa polepole kuliko yote.

"Nipe nikauzike kwa mama," Adventina alisema.

"Hauwezi kukaa, mwanangu. Una chawa na usaha. Utampa mdogo wako ugonjwa tena."

Misokoto yote ilichomwa nyuma ya zahanati, kwenye shimo la taka. Mimi ndiye niliyetumwa kushika bati la kukinga mvua moto usizimike. Nililia mpaka nikaona haya mbele ya kuku.

Adventina alikaa zahanati siku sita, kichwa kimepakwa dawa ya rangi ya zambarau. Homa ikashuka, matezi yakanywea. Clavery alipona upesi zaidi. Siku nilipokwenda kumwona rafiki yangu nilimuuliza Nesi Mastura swali lililokuwa limenikaa.

"Nesi, kwani nywele zioshwe mara ngapi? Mimi nilidhani zikisukwa zinajilinda."

"Hazijilindi. Nywele kama zetu, mara moja kwa wiki kwa maji safi na sabuni inatosha. Kila siku si lazima, zitakauka na kukatika. Ila mkilima kwa jasho na vumbi, hata mara mbili ni sawa. Ukisuka, bado unaosha ngozi katikati ya mistari, na baada ya wiki mbili au tatu unafumua, unaosha vizuri, unakausha, ndipo unasuka tena. Kitana na kitambaa cha kichwa, kila mtu na chake. Na kikiwasha, usikune na kuficha. Njoo hapa."

Mwalimu Rugaibula aliniita ofisini. Nilitegemea fimbo. Akasema tu, "Mimi nilikuamini kuliko macho yangu, Ephrasia. Ungesema kweli Jumatatu ile, mwenzako angepoteza nywele tu. Sasa amepoteza na ngozi." Ni kweli. Nyuma ya sikio la kushoto la Adventina pana kipara cha ukubwa wa shilingi, hakikuota nywele tena hadi leo. Nikikiona, najua sehemu yake ni yangu.

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi nyumbani, nilipita kwao nikamkuta Bibi Kokuhirwa amepasha maji, amekaa kwenye kigoda na kipande cha sabuni mkononi. Adventina alikuwa amesimama mbali, hataki kusogea.

"Sina nywele, Bibi. Unaosha nini?"

"Naosha kichwa. Njoo."

"Nitaosha mwenyewe."

"Njoo, mwana wange." Bibi alichovya mkono kwenye maji kupima joto. "Unajua mama yako alikuosha mara ngapi? Tangu ulipozaliwa, kila Jumamosi ya Mungu. Hata akiwa mgonjwa. Siku ile alipokusuka, alikuosha kwanza hapa hapa, mimi nikimmiminia maji. Hakuwahi kusuka kichwa kichafu hata mara moja."

Uso wa Adventina ukakunjamana, na maneno yakamtoka aliyokuwa ameyabeba wiki zote zile.

"Sasa nani ataniosha, Bibi? Nani ataniosha?"

Alianguka miguuni pa bibi yake, akalia kilio ambacho hakukilia hata kaburini. Nami nikalia, na Clavery alipotuona akalia pia bila kujua sababu. Bibi hakumnyamazisha. Alichota maji kwa kata, akammiminia taratibu kichwani, akapaka sabuni kuzunguka makovu.

"Mimi nitakuosha," alisema. "Mikono yangu ikichoka, utajiosha wewe, na utamwosha huyu mdogo wako kama mama alivyokuosha. Mimi nilikosea nilipokuacha migombani nikadhani nakuonea huruma. Huruma ingekuwa hii. Lia, mwana wange. Mlilie mama yako hata mwaka mzima, hakuna atakayekukataza. Lakini kichwa uoshe."