Gesi Isiyorudi

Saa moja na dakika kumi asubuhi, kinusahewa, mashine ya kuonja gesi kwenye visima vya mafuta vya Anza, ilionyesha kuwa theluthi ya gesi iliyotarajiwa haikufika.

Mhandisi Talaso Galgallo hakushtuka. Mitambo yake ilisukuma hewa ndani ya mwamba wenye mafuta mazito. Huko oksijeni iliunguza sehemu ndogo ya mafuta, joto likalainisha yaliyobaki, nayo yakasogea kuelekea visimani. Kabonidayoksaidi ya moto huo ilipaswa kupanda pamoja nayo.

"Mafuta yamemeza oksijeni, yakanyamaza," alisema. Katika joto dogo hutokea hivyo: oksijeni hujishikiza kwenye mafuta, yakawa mazito kama lami, na gesi haitoki. Moto ulipokuwa mchanga, maelezo hayo yalikuwa sahihi.

"Siku hizi umekuwa wakili wa mafuta," alitania Wario, fundi wa zamu, kisha akaigeukia kompyuta ya mitambo. "Akilimashine, huko chini mwambani joto ni kiasi gani?"

"Nyuzi mia nne na ishirini," mashine ilijibu.

Wario aliacha kucheka. Katika joto hilo mafuta hayanyamazi, huungua. Gesi ilikuwa imetoka, ila kwa njia nyingine.

Talaso alifungulia vinasa-sauti vilivyofukiwa ardhini, asikie gesi ilikopenyea. Vilileta wimbo. Katika mto mkavu jirani na visima vya mafuta, ndugu zake walikuwa ndani ya shimo refu wakichotea ng'ombe maji. Achotaye chini kabisa huanzisha wimbo. Waliopangana juu yake huitikia wakipokezana ndoo. Wa chini akichoka, wa juu yake hushuka kushika nafasi.

Mwanzishaji alikuwa Guyo, kaka yake.

Waliitikia. Wakaitikia tena, na safari hii hakuna aliyeanzisha.

Talaso alimpigia binamu yake Jarso, aliyesimama ngazini juu ya Guyo akiwa na kisikilizi cha simu sikioni.

"Jarso, pandeni nyote. Sasa hivi."

"Dada, Guyo ameinama, amechoka. Ni zamu yangu kushuka."

"Usishuke. Gesi imejaa huko chini, ni nzito kuliko hewa. Hakuna cha kuvuta."

"Hakuna hewa, na tunaimba?"

"Ninyi mko juu yake. Jarso, nisikilize."

"Nimwache ndugu yako peke yake, dada?"

Simu ilinyamaza. Vinasa-sauti vilinasa nyayo zikishuka, ngazi baada ya ngazi. Kisha sauti ya Jarso ilianzisha wimbo kutoka chini kabisa, ikafika nusu ya ubeti.