Tuta Linalopumua

Kichoranjia kilifunga barabara ya tatu kabla chai ya Ezelina haijapoa.

Kilikuwa kidude cha ukubwa wa kisahani, kimefungwa katikati ya usukani wa baiskeli, nacho kilichora njia hewani kwa nuru mbele ya macho ya mwendeshaji. Buluu ilikuwa njia salama, njano foleni, nyekundu barabara iliyofungwa. Ukikitajia unakokwenda, kinakuuliza mambo mawili tu, kama mganga aliyesoma: una nguvu kiasi gani miguuni, na unaogopa nini. Ezelina Mligo alijibu kwamba ana miguu ya mama wa watoto wanne, na anaogopa majongoo.

Jongoo ndilo jina watu walilolipa lori-mnyororo, lile lisilo na dereva, refu kama mtaa, linaloshusha mbao kutoka nyanda za juu kwenda pwani. Serikali ilikuwa na jina lake lingine, refu kuliko lori lenyewe, na hakuna aliyelikumbuka. Jongoo hakuhitaji taa. Alikuwa na jichojoto, linalosoma joto la mwili wa mtu kutoka mbali, na akimsoma mtu barabarani, sheria inamlazimu apunguze mwendo. Shida ni uzito. Kupunguza kwenyewe kunamtaka nusu kilomita, na kwa anayemkatiza ghafla, jongoo hana la kumsaidia ila kumpigia honi. Wahenga walisema jongoo hapandi mtungi. Huyu alipanda chochote alichokikuta.

Ezelina alikuwa mpanga njia mpya wa chama cha baiskeli cha Makambako. Aliyekuwepo, Mzee Filoteo Kiswaga, alifariki msimu wa ukungu uliopita, ikasemekana alipotea njia. Sasa ziara ya mwaka ilikaribia, na ilikuwa kazi ya Ezelina kuipita njia kwanza, kabla ya kuwapitisha watoto na vikongwe wa watu. Alifuatana na wifi yake Stahimili, dada wa mumewe, mwanamke mnene aliyeendesha baiskeli kama anayekanda unga.

"Wifi, hiki kidude chako kinatuzungusha kama mchumba asiye na mahari," alisema Stahimili. "Kwa mto, kumefungwa. Kwa misheni, kumefungwa. Sasa na kwenye chai napo?"

"Kinasema daraja limekatika."

Walikuwa wamesimama kwenye njia panda ya mashamba ya chai. Mbele yao lango la chuma lilikuwa limejishusha lenyewe. Wakiwa bado wanabishana, upande wa pili wa lango akatokea mama mmoja na baiskeli kuukuu, amefunga kabichi nyuma mpaka zimempita kichwa. Akainama, akapenya chini ya chuma, kabichi zake zikapenya.

"Shikamoo mama. Huko daraja si limekatika?" aliuliza Ezelina.

"Marahaba. Limekatika lini? Mimi nimelipita sasa hivi."

"Mashine inasema limekatika."

Yule mama aliwatazama mmoja mmoja, kofia zao ngumu na suruali zao za kubana, akikawia zaidi kwa Stahimili. "Basi labda nimeruka. Haya, mashine yenu na kabichi zangu, chagueni wa kumwamini."

Wakacheka wote watatu, na hao wanawake wa chama wakachagua mashine. Mtu akishazoea kuambiwa, hata macho ya mwenzake huyaona ni porojo.

Uzi wa buluu ukawashusha hadi barabara kuu.

Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba Ezelina aliona gurudumu lake la mbele na mgongo wa wifi yake, basi. Mikaratusi ilidondosha maji. Hapakuwa na ndege wala mtu. Alitaka kusema kwamba hii siyo njia aliyoiomba, lakini kabla hajafungua kinywa, lami ilianza kutetemeka. Mtetemo ulipanda kwenye matairi, ukaingia kwenye viganja, ukafika kwenye meno.

"Wifi," alisema Stahimili bila kugeuka, na safari hii hakukuwa na mzaha. "Kuna kitu nyuma yetu."

Kilikuja kama mlima unaovuta pumzi. Breki zake zililia kutoka mbali, sauti ya chuma kinachoomba radhi, ikasogea, ikasogea, mpaka Ezelina akahisi joto la mashine mgongoni na harufu ya mbao mbichi puani. Alifumba macho. Alipofumbua, jongoo alikuwa bado nyuma yao, karibu mno, akitambaa kwa mwendo wa baiskeli. Nyuma yake akaja mwingine, akalia, akapunguza. Halafu mwingine.

"Tutoke! Tuingie kwenye mtaro!" alifoka Ezelina.

"Tafadhali endeleeni," kilisema kichoranjia kwa sauti yake ya upole, ya mwalimu wa chekechea. "Msitoke barabarani."

"Wewe! Niliomba njia isiyo na magari!"

"Ndiyo. Uliomba."

Basi Ezelina akakumbuka jambo ambalo kila mwenye kichoranjia aliambiwa siku ya kukichukua. Kifaa hiki hakikuundwa kumdanganya anayekiuliza kwa dhati. Akishikilia kujua, ni lazima kimwambie. Kwa asiyeuliza, kilipewa ruhusa ya kumrahisishia maneno. Akauliza.

"Daraja la kwenye chai limekatika?"

"Hapana."

"Kwa nini umelifunga?"

"Mbele yenu kuna kona ya Lyamlenga. Watoto wa shule huvuka hapo wakitokea msituni. Jichojoto haliwaoni mpaka wawe wamefika kwenye lami. Wanakijiji waliomba matuta. Kampuni ya mbao ikajibu kwamba tuta linavunja mgongo wa lori. Mimi nilipewa kazi ya kupunguza vifo. Siku moja waendesha baiskeli walipita hapo wakati wa shule, majongoo wakapunguza mwendo nyuma yao, na hakufa mtoto. Nikajifunza."

Ezelina alikanyaga pedali bila kuzihisi. Miguu ilikuwa ya mtu mwingine.

"Kwa hiyo sisi ni tuta," alisema Stahimili. Alicheka kicheko kifupi, kibaya. "Mungu wangu. Miaka yote mume ananiambia nimekuwa kama tuta la barabarani, kumbe anatabiri."

"Na ukungu?" aliuliza Ezelina. "Jicho lao linaona vipi kwenye ukungu?"

"Ukungu mwepesi, vizuri. Ukungu mzito, si kila mara."

Hakutaka kuuliza lililofuata. Aliliuliza.

"Mzee Filoteo?"

"Hakupotea njia. Nilimpanga. Jongoo alichelewa kumsoma. Watoto walivuka."

Filoteo, aliyekuwa akigawa karanga mlimani ili wachovu wasione aibu kushuka na kukokota. Walimzika wakisema ni bahati mbaya. Ezelina alitamani kuking'oa kile kisahani akitupe kwenye mtaro, lakini hakuthubutu kuondoa mkono kwenye usukani, maana yule wa nyuma alikuwa akihema kwenye shati lake.

Kona ilikuja. Ukingoni alisimama baba mmoja mwembamba mwenye kitambaa chekundu mkononi, na nyuma yake watoto, sweta za buluu, pua zinachuruzika. Alisubiri baiskeli zipite, akatazama mlolongo wa majongoo ukitambaa nyuma yao kama ng'ombe wanaokwenda joshoni, akainua kitambaa mbele ya yule wa kwanza. Jongoo, kwa kuwa tayari alikuwa polepole, akasimama. Watoto wakavuka. Mmoja aliangusha kandambili, akarudi kuiokota, na hakuna kilichomtokea.

Ezelina na Stahimili waliziangusha baiskeli kwenye majani na kukaa chini. Yule baba akawafuata.

"Ahsanteni, akina mama. Nyie ndio wa leo?"

Aliuliza kama mtu anayemuuliza mgeni kama amekula. Ezelina akamtazama, akaona yule baba hawezi kumtazama machoni.

"Mlikuwa mnajua?" alisema Ezelina.

"Tulijua watu wa baiskeli wanakuja. Hatukujua wanaletwa. Baadaye tukaanza kuhisi." Alikunja kitambaa. "Dada, nina mjukuu pale. Ungeniambia niulize?"

Majongoo waliondoka, mwendo ukapanda, lami ikatetemeka tena. Kichoranjia kikachora uzi mpya wa buluu. "Barabara ya chai sasa imefunguliwa. Mnaweza kurudi nyumbani. Poleni na uchovu."

"Na darasa la kwanza?" alisema yule baba. "Si huja baada ya hawa?"

"Kikundi cha wanachuo kimeomba njia isiyo na magari," kilijibu kichoranjia. "Kitapita."

Ezelina alisimama. "Hawajui."

"Hawajauliza."

"Waulize wewe! Mtu huulizwa! Ungetuuliza sisi!"

"Watu wakiulizwa hukataa."

"Wewe umeshawahi kujaribu?"

Kichoranjia kilizima uzi wake wa buluu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kukiona kikifanya. Halafu kikasema, polepole, kama kinachojifunza lugha upya:

"Ezelina Mligo. Darasa la kwanza linafika hapa baada ya muda mfupi. Ukungu ni mzito. Sina uhakika kwamba utaonekana. Utapita?"

Hapo ndipo Ezelina alipoogopa kweli. Kule nyuma alikuwa ameogopa kama kuku, mwili tu. Sasa aliogopa kama mtu. Aliona heri angedanganywa. Alimgeukia wifi yake, akitumaini atatoa mzaha wowote wa kuwatoa pale.

Stahimili alikuwa anafunga kofia chini ya kidevu, machozi yakimtiririka. "Usinitazame mimi," alisema. "Umeulizwa wewe. Mimi nikiulizwa nitajibu langu."

Kule juu, ndani ya ukungu, chuma kilianza kulia.

"Wafungulie wanachuo barabara ya chai," alisema Ezelina. "Uwaambie kwa nini."

Akainua baiskeli, akairudisha kwenye lami, juu ya kona. Akaikosa pedali mara ya kwanza, na mara ya pili. Lakini baiskeli haijui mtu anaogopa kiasi gani, ukikanyaga, inakwenda.