Maswali Yaliyoogopwa Songo

Wingu jeusi likionekana juu ya milima, wanawake wa Songo, pale Uvira, hawaagani. Kila mmoja huacha alichoshika akakimbilia ufukoni kuokoa ndagala wake. Ndagala ni samaki wadogo wa ziwa la Tanganyika. Wakikauka vizuri, wanakaa muda mrefu, na wanapandishwa hadi Mulenge, milimani, kwa wafugaji. Wakinyeshewa, wananuka hata paka anageuza uso.

Mvua ya mwaka ule wa 1957 haikuwa na huruma. Siku moja Agathe alichelewa. Alipofika ufukoni, ndagala wake walikuwa wamelowa na kushikana na mchanga. Aliwazoa huku machozi yakimlenga.

"Usilie, Mama Marie," alisema Léocadie, jirani yake. Watu walimwita Agathe hivyo kwa jina la binti yake. "Mvua iko ya Mungu."

"Mvua iko ya Mungu, lakini kuanika mu muchanga iko kazi yetu," Agathe alijibu. "Placide alisema kuko kitabu inaonyesha namna ingine ya kukausha samaki. Ningekipata!"

Placide alikuwa mtunza maktaba ya Songo, ambayo wenyeji waliiita biblioteke. Ilikuwa chumba kimoja tu chenye rafu za mbao, lakini Agathe alikipenda kuliko mahali popote. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, mtoto mgongoni, herufi moja moja. Siku aliposoma sentensi nzima bila kusaidiwa, aliwatangazia majirani wote. Ndiyo maana sasa aliona haya. Mtu aliyejisifu kiasi kile atamwulizaje Placide kitabu kiko wapi?

Basi alikuwa akikitafuta peke yake. Vitabu vilipangwa kwa majina ya waandishi, na Agathe hakumjua mwandishi hata mmoja. Alitoa hiki, akarudisha. Alitoa kile, akarudisha. Kila mara aliishia kuchukua kitabu chochote kilicho karibu, akarudi nyumbani akijiona mjinga.

Kesho yake baada ya mvua ile, alikuwa ndani ya nyumba akisoma. Nje, mume wake Rémy, fundi wa matofali, alikuwa akinawa udongo mikononi. Kijana mmoja akafika uani. Alikuwa na karatasi na kalamu.

"Jambo, baba. Minye naitwa Gratien, natoka Usumbura, ng'ambo ya ziwa. Tunauliza watu namna wanasoma, na namna wanatafuta vitabu."

Rémy aliitazama ile kalamu. Siku zile, mtu aliyefika uani kwako na kalamu alitumwa na Leta, yaani serikali ya Wabelgiji, na hakuleta heri. Alileta kodi, au alikuandika kwenda kuchimba barabara.

"Mu hii nyumba kuko nani anajua kusoma?" Gratien aliuliza.

"Hakuna."

"Hata muntu mumoja?"

"Hata mumoja. Sisi tuko watu wa udongo tu."

Ndani, Agathe alisikia kila neno. Kitabu kilikuwa wazi mapajani mwake. Alikifunga polepole. Moyo ulimuuma kana kwamba mtu amemvua nguo mbele ya watu.

Léocadie naye alikuwa amelisikia jibu la Rémy kupitia ukuta. Gratien alipofika kwake, alilirudia vilevile. Nyumba ya tatu ikalipokea, ya nne ikaliongezea chumvi. Kufikia jioni, Songo nzima ilikuwa haijui kusoma.

"Baba Marie," Agathe alisema walipokuwa wanakula, "kama mu hii nyumba hakuna mwenye kusoma, minye niko nini? Niko kiti?"

"Nilikuwa nakulinda," Rémy alijibu. "Leo wanaandika nani anasoma. Kesho Leta inaweka kodi ya kusoma. Weye unajua serikali."

"Haukunilinda. Umenificha."

Rémy alinawa mikono akatoka nje.

Siku kadhaa zikapita. Agathe alipokwenda kurudisha kitabu, alimkuta Placide ameinama katikati ya chumba. Alikuwa akipanga vitabu ndani ya masanduku. Rafu moja ilikuwa tupu kabisa.

"Unahama?" Agathe aliuliza.

"Vitabu ndiyo vinahama, mama," Placide alisema kwa sauti ya chini. "Komite ya biblioteke imesoma majibu mulimupa Gratien, imeona Songo haina wasomaji. Imesema tuvipeleke mahali wasomaji wako."

Agathe alishika mlango.

"Lakini weye unatuona hapa kila siku!"

"Ninawaona. Nimesema, lakini wameniambia kwamba mumejibu nyinyi wenyewe."

"Tuliogopa kodi," Agathe alisema, na machozi yakamtoka.

Placide aliweka chini kitabu alichokishika. Alimpa stuli, naye akakaa juu ya sanduku.

"Sikiliza, Mama Marie. Ile karatasi ya Gratien haina jina ya muntu. Haiendi kwa watu wa kodi. Inaenda kwa watu wenye wanajifunza kazi ya biblioteke. Wanataka kujua namna musomaji anatafuta kitabu, na mahali anakwamia. Wanauliza maswali yaleyale hapa, Usumbura na Kigoma."

"Kigoma? Kule si kwa Waingereza?"

"Inchi iko ingine, lakini musomaji mupya iko uleule."

"Sasa wanauliza mbali hivyo sababu ya nini?"

Placide alimjibu kwa swali. "Mama mumoja akisema unga wake iko na muchanga, tutasema nini?"

"Tutasema hakusafisha muhogo wake."

"Ndiyo. Na kama wamama wa Uvira, wa Usumbura na wa Kigoma wanalalamika sawasawa?"

Agathe alifuta macho. "Basi shida haiko kwa wamama. Tunapashwa kwenda kutazama mashini ya kusaga."

"Ndiyo kazi ya Gratien. Anatafuta shida iko wapi. Lakini mukimuficha, ataitafuta wapi?"

Agathe alisimama. "Gratien iko wapi sasa?"

"Iko Makobola, anauliza kule. Atapita hapa kesho."

"Basi usifunge hayo masanduku," Agathe alisema, na alikuwa nje kabla Placide hajajibu.

Alimweleza Rémy yote bila kupumua. Rémy alisikiliza, tofali bichi mikononi.

"Hakuna jina?"

"Hakuna."

"Hakuna kodi?"

"Hakuna, Baba Marie."

Rémy alishusha pumzi ndefu. Mabega yake yalilegea, akacheka. Halafu kicheko kikamwisha. Alimtazama mkewe kwa aibu.

"Kumbe nimewafungia biblioteke na mudomo yangu," alisema. "Unisamehe. Minye nitapita nyumba kwa nyumba kuwaambia."

Alipita kweli. Kesho yake Gratien alipofika, alikuta chumba cha Placide kimejaa wanawake na wanaume, hata mahali pa kuweka mguu hapakuwapo. Léocadie alikuwa mbele, akidai kuulizwa upya. Lakini Agathe ndiye aliyeanza.

"Mama, ukitafuta kitabu, unaanzia wapi?" Gratien aliuliza.

Agathe alisita. Majirani wote waliokuwa wamesikia majisifu yake walikuwa pale. Angeweza kudanganya kama Rémy, ila yeye kwa fahari na si kwa woga.

"Naanzia kwa mulango, namalizia kwa mulango," alisema. "Natafuta samaki. Lakini rafu haisemi samaki, inasema jina ya Muzungu. Sijui jina yake. Na kuuliza Placide, naona haya. Narudi nyumbani najiona minye mujinga."

Hakuna aliyecheka. Gratien aliacha kuandika, akainua kichwa.

"Mama, Usumbura waliniambia vilevile. Na mwenzangu wa Kigoma aliandika vilevile. Weye si mujinga. Rafu ndiyo haikupangwa kwa ajili yako."

Agathe alihisi kitu kizito kikimtoka kifuani. Kumbe alikuwa amekibeba muda wote ule! Alikaa chini akatabasamu. Mara wengine wote wakaanza kusema. Hata Léocadie alikiri kwamba yeye pia huchukua kitabu chochote kilicho karibu na mlango.

Komite ilipopata majibu ya kweli, iliacha vitabu palepale. Placide alivitoa masandukuni, na masanduku akayageuza kuwa viti. Safari hii alivipanga kwa mambo yaliyomo. Juu ya kila rafu alichora picha: samaki, muhogo, mtoto, nyundo. Agathe aliingia, akaenda moja kwa moja penye samaki, akatoka na kitabu alichokuwa akikitafuta.

Rémy alijenga chanja kama kitabu kilivyoonyesha: miti minne, na juu yake matete yaliyosukwa. Ndagala walilala juu, upepo ukipita chini yao. Wingu lilipotokea, Agathe alitupa mkeka juu yao akaenda kupika. Walikauka bila chembe ya mchanga. Wanawake wa Songo walikuja kutazama, halafu wakarudi kwa waume zao kudai chanja.

Kiangazi kilipofika, Gratien alirudi. Alileta salamu za Kigoma. Huko nako walikuwa wamechora samaki juu ya rafu, kwa sababu ya majibu ya Songo na ya miji mingine.

Rémy aliiona kalamu yake kutoka mbali. Alinawa udongo upesi, akamtolea kiti. Hakungoja swali.

"Andika," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa Léocadie. "Andika kwamba mu hii nyumba, bibi yangu anasoma."

Agathe alitokea mlangoni, kitabu mkononi.

"Na weye, baba?" Gratien aliuliza.

Rémy alimtazama mkewe, akajikuna kichwa.

"Minye naanza. Mwalimu wangu ni huyu. Lakini iko mukali!"