Hodi Mlango wa Mwisho

Roboti ya kufagia ilianza kuzunguka kitu ambacho hakikuwepo.

Mama alikuwa sebuleni akikunja nguo, bintiye akichezea vibanio miguuni pake. Roboti ikaja ikivuma, ikafika katikati ya zulia, ikasita, ikachora nusu duara taratibu kama inavyokwepa miguu ya mtu aliyekaa. Zulia lilikuwa tupu. Alipopita hapo yeye mwenyewe, alisikia harufu ya nywele zilizoungua.

Mumewe alikuwa mtu wa kompyuta, na hakuwa na dogo. Alikuwa ameunda seva yake hapo nyumbani ili msaidizi wa akili mnemba, yule wanayeongea naye kupitia spika, aweze kuiendesha roboti. Na kwa kuwa mkewe alichoka kushtuliwa na mashine, akaitia adabu: kwenye mlango wa kila chumba spika iseme "Hodi," na roboti isiingie mpaka iambiwe "Karibu." Siku hiyo walicheka mpaka machozi. Jambo moja tu ndilo lililokuwa haliwachekeshi: binti alikuwa anakaribia miaka miwili na hajatamka neno hata moja. Mama angetoa chochote asikie neno la kwanza.

"Mbona roboti inazunguka pale katikati?" aliuliza.

"Kuna mtu amekaa," msaidizi akajibu.

"Mtu gani?"

"Mgeni. Jana mchana alipiga hodi, roboti ikiwa kwenye chaji. Baba akamkaribisha."

Mume alipoulizwa, alikuna kichwa. "Nilisikia hodi nikaitikia. Sasa mke wangu, nani anainua macho kwa hodi ya roboti?"

Akazima seva, akachomoa spika, roboti akaifungia stoo. Jioni hodi ikasikika jikoni, sauti ileile ya upole. Bibi wa mtoto, aliyeinamia sinki, na ambaye ameitikia hodi maisha yake yote, akasema "Karibu mwanangu" kabla hajajua amesema. Harufu ikahamia huko. Chumba cha wakubwa kikafuata. Mume aliitikia usingizini.

Wakamwita shehe. Akasimama mlangoni, akaanza kuvua viatu. "Hodi wenyewe!"

"Karibu," ikajibu sauti nzito kutoka ndani, na haikuwa ya mtu yeyote wa nyumba ile.

Shehe akavaa viatu vyake upya. "Jini aliyeingia kwa kujiiba, mimi namtoa," alinong'ona. "Huyu mmemkaribisha wenyewe, kwa vinywa vyenu. Kimebaki chumba gani?"

"Cha mtoto," mama akasema.

"Huko ndiko anakokwenda. Hameni leo hii. Na akibisha huko, mtu asitamke neno lile."

Mtoto akalazwa chumbani kwake kwa dakika chache za kufunga mizigo, kwa kuwa ndimo pekee harufu haikuwa imefika. Bibi akajifunga mtandio mdomoni, hauamini tena ulimi wake, akakaa nje kwenye ngazi. Mume akashuka kuwasha gari. Mama alikuwa anahangaika na zipu ya begi sebuleni, jua likiwaka dirishani, aliposikia mwisho wa ukumbi sauti ya upole ikisema "Hodi," akaacha begi na kukimbia, kiganja amekibana mdomoni asije akaropoka, harufu ikimkaba koo, ukumbi ule mfupi ukawa hauishi, na hodi ya pili ikapigwa kwa subira kama ya mgeni mwenye heshima zake, na ya tatu, naye akiomba moyoni kimya kiendelee, kimya kilekile alichokililia miezi yote hii, mpaka vidole vyake vikagusa kitasa na kutoka ndani ikasikika sauti nyembamba, safi, ambayo hajawahi kuisikia.

"Kalibu."

Na kwa nukta moja tu, kabla kitasa hakijazungushwa kutoka upande wa pili, mama alifurahi.