Skripti ya Wagaki

Haya yalimpata rafiki yangu Mutanu, kwenye ofisi moja hapa Machakos mjini. Faili walizoletewa zilikuwa na alama iliyojificha mwisho wa kila mstari, na mfumo wao ukazikataa. Mutanu alihangaika nazo wiki nzima. Mwenzake Wagaki akaandika skripti fupi, yaani maagizo machache ya kompyuta, alama zote zikatoweka.

"Mutanu, si ujifunze kwa Wagaki," bosi akasema mbele ya watu.

Wivu ukamla. Saa ya chakula, ofisi ikiwa tupu, akaketi kwenye kompyuta ya Wagaki, akafungua ile skripti, akafuta jina la mwenzake pale juu, akaandika lake na kuihifadhi.

Wingu zito la mvua likafunika mji, stima ikapotea. Gizani akasikia kibodi ikibonyezwa, polepole, mbele yake hasa.

"Wagaki, ni wewe?"

Akanyoosha mkono, akahisi vibonye vikishuka na kupanda vyenyewe chini ya vidole vyake.

Stima iliporudi, akawasha kompyuta; skripti ilikuwa vile alivyoiacha. Ila kwenye kibodi, vibonye vitano vilikuwa vitupu, herufi zimefutika kabisa: M, U, T, A na N.