Damu Isiyo ya Bosi

Saa nne asubuhi, katika chumba cha kupimia tumbo kwa kamera, daktari wa tumbo alitazama kioo cha mashine na kukosa alichokitafuta. Tumbo la mgonjwa wake, bosi wa ghala mwenye mwili wa watu wawili, lilikuwa safi. Hapakuwa na uvimbe wala kidonda. Lakini damu yake ya wiki iliyopita ilikuwa na viashiria vya saratani vilivyopita kiwango mara kumi.

Viashiria peke yake si hukumu. Hata maradhi mengine huvipandisha. Ila kupanda namna ile kulimnyima daktari raha. Akaenda maabara.

"Mmechanganya chupa?"

"Daktari, usinitwike zigo lisilo langu," mpimaji alisema. "Nimerudia mara mbili, majibu yaleyale."

Akamwendea muuguzi aliyetoa damu. "Unamkumbuka?"

"Yule mcheshi? Niliita jina, akaja. Mshipa ulijitokeza wenyewe, wala sikuutafuta."

Mikono ya bosi ilikuwa minene, mshipa huuoni hata kwa tochi. Tena asubuhi ile alikataa sindano ya usingizi, akameza mpira wa kamera huku machozi yakimtoka. Kama damu si yake, kuna mtu anatembea na ugonjwa ule bila kujua.

Akarudi kwa bosi, akafunga mlango.

"Bosi, nani alitoa damu kwa jina lako?"

"Mimi mwenyewe."

"Haya, nyoosha mkono nikutoe nyingine."

Bosi alirudi nyuma hadi ukutani. "Daktari, tafadhali! Sindano nikiiona nazimia. Wapakiaji wangu wakisikia, nitauficha wapi uso? Nilimtuma mdogo wangu. Si damu ni moja? Baba mmoja, mama mmoja."

"Maabara hawapimi undugu," daktari alisema kwa hasira, kisha akamweleza majibu. "Ana dalili yoyote?"

Bosi alikaa chini kama gunia. "Anakula matonge mawili, anasema ameshiba. Tunamtania kwamba mkewe hajui kupika."

Mlango ukagongwa. Mdogo mtu akaingia, mwembamba, anatabasamu.

"Vipi, daktari? Kaka yangu?"

"Kaka yako mzima."

"Afadhali! Leo nitalala. Wiki nzima sijapata usingizi kwa ajili yako, kaka."

Daktari alimgeukia bosi. "Mwambie mwenyewe. Kamera bado iko tayari, na huenda tukawahi."

Bosi alimshika nduguye mkono.

"Mdogo wangu, kaa kwanza. Nimekukosea."