Uongo Ulionigharimu Jogoo

Naapa kwa kaburi la mama yangu, habari hii ni kweli tupu, hata yule tembo. Nimestaafu reli zamani. Nitapata nini kwa kuwadanganya watoto?

Kila Jumamosi alfajiri, Lightness wa darasa la sita na bibi yake, Bi Costancia, walipanda basi kutoka Kilosa na matenga ya nyanya kwenda kuwauzia madereva wa malori pale Mikumi. Bibi alibeba tenga kubwa, mjukuu akabeba lile dogo, na walibishana njia nzima kwa raha zao. Jumamosi moja bibi alikwenda peke yake. Mchana akaanguka kando ya meza yake ya nyanya. Presha. Hakuamka tena.

Tangu mazishi, Lightness hakusema neno. Chakula alikionja tu, shuleni hakwenda. Kila mjomba aliyefika alimwambia, "Jikaze, wewe si mtoto mdogo." Naye alijikaza, akazidi kukonda, mpaka mama yake, Ida, akaanza kuogopa kwamba atazika wawili.

Siku ya kuanua matanga nami nilifika. Kwa ukoo ule mimi ni mtani, na mtani msibani ana ruhusa ya kufanya vituko. Nikajifunga kanga ya marehemu, nikaweka tenga kichwani, nikaiga mwendo wake wa kuchechemea. Watu wakacheka huku wakifuta machozi.

"Mnamjua Costancia nyie?" nikasema. "Tembo alikuja mezani kwake, akala nyanya. Costancia akamkamata mkonga: 'Lipa kwanza!' Tembo akarudi porini, akaleta asali!"

"Mtani, acha hizo!" wakapiga kelele.

Mimi nikishaanza sina breki. "Na siku ile ya mwisho aliondoka nyumbani akiimba, furaha tele..."

"Mwongo!"

Sauti ilitoka kwenye mkeka wa nyuma. Lightness alikuwa amesimama.

"Hakuimba! Nilikataa kwenda naye. Nilimwambia nimechoka na nyanya zake, wenzangu wananicheka. Akanyamaza tu, akaondoka. Nimemuua mimi!"

Nikashusha tenga. Mjomba Rafaeli akafungua mdomo, nadhani atoe lile "jikaze" lake, lakini Mwalimu Raheli, mwalimu wa ushauri na unasihi shuleni kwao, akamzuia kwa mkono. Akaketi mkekani karibu na mtoto, akamwacha alie mpaka kilio kikapungua chenyewe.

"Bibi alipoondoka, wewe ulifanya nini?" akamwuliza taratibu.

"Niliingia jikoni, Mwalimu. Nikakuta mihogo yangu imefunikwa kwa sahani, isipoe."

"Nani aliifunika?"

"Bibi."

"Baada ya kumwambia yale maneno?"

"Ndiyo." Akaanza kulia tena, lakini kilio hiki kilikuwa kingine.

Ida akamkumbatia. "Presha ya bibi yako ilianza kabla hujazaliwa, mwanangu. Maneno yako hayakuileta. Mbona hukuniambia?"

"Mliniambia nijikaze."

Mwalimu Raheli akasema, "Kujikaza si kupona. Ukiyafungia majuto ndani peke yako, yanakukuzia kosa mpaka unajiona muuaji. Mtafute mtu unayemwamini, umweleze. Nasi wakubwa, tumsikilize mtoto kabla ya kumnyamazisha. Lightness, kila Jumatano baada ya masomo njoo kwangu tuzungumze. Huzuni haiishi kwa siku moja."

Jioni ile alimaliza bakuli la uji. Jumatatu akarudi shule.

Jumatano kadhaa baadaye alibisha hodi kwangu, amevaa sare zake za shule.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu."

"Mama anasema hakuwa tembo. Alikuwa mbuzi wa Mzee Mwinshehe, na asali hakuna."

"Tembo kabisa! Naapa..."

"Na mtani akikamatwa kwa uongo, analipa kuku."

"Nani kasema?"

"Bibi. Tena alisema ukikamatwa, utaanza kwa kuuliza nani kasema."

Nilijaribu kumpa kifaranga, akamkataa. Ikabidi nimtoe jogoo wangu mwekundu, fahari ya uwanja wangu. Lightness akambana kwapani. Jogoo akawika kwa hasira, naye akamjibu, na walibishana njia nzima mpaka kwao.